Marehemu Hapigi Kura

Shoga, nimetoka kwenye mchezo wetu wa wachawi, ule wa dadu, kila mtu na mchawi wake wa kuigiza. Mchawi wangu kafa.

Si unaijua sheria ya chama: mchawi akikosa vikao vitatu anahesabiwa marehemu, na mwanafunzi wake anarithi fimbo na kiti. Nami vikao vyote vitatu nilikuwa hospitali namuuguza mama.

Nimeingia, nikamkuta yule kinyozi, mwanafunzi wangu mchezoni, kakalia kiti changu. Nikanyoosha mkono nipige kura. Kinyozi akaniambia, "Dada, marehemu hapigi kura."

Marehemu! Tena hakucheka.

Hakuna aliyeniuliza hali ya mama.

Nikatoka. Nimekaa tu hapa kwenye ngazi. Sheria niliitunga mimi, nilipotaka kumtoa mchezoni yule fundi cherehani. Mkuki kwa nguruwe.

Mama yake yule fundi naye alikuwa amelazwa wakati ule. Sikumuuliza hali.