Bibi wa Dukani Haitikii

Jumatatu, 9 Juni
Duka la mtandaoni la vitu vya kuchezea linafunguliwa Jumamosi. Kasema Aliasgar, mwenye duka. Bintiye Anjum ndiye fundi. Mimi naandika maneno na kutoa sauti — miaka thelathini ya redio isiozee ndani, kasema mzee. Mtoto akifungua simu anamkuta bibi wa katuni, miwani na kanga. Anataja anachotaka, rafu inafunguka. Mzazi analipa baadaye.

Kiungo cha duka nitamtumia Theresia pia, kwa ajili ya mtoto wake Upendo, mjukuu wangu. Tangu aachane na mwanangu Samweli na kuhamia Mwanza, simu zangu hapokei. Mtoto wa miaka mitano husahau sauti upesi. Nataka aisikie yangu.

Nimepika wali wa mtu mmoja. Umebaki.

Jumatano, 11 Juni
Majaribio mtaani Chuno, barazani kwa Tatu mwenye genge. Yameshindwa!

Bibi kasema, "Karibu, chagua." Watoto wa mtaa wakatazamana. Kisha Lukasi, mkubwa wao: "Shikamoo." Hakuitikiwa. Akarudia. Wakamwamkia wote kwa pamoja, wakasubiri. Wapi!

"Labda kiziwi," mdogo mmoja akasema.

"Kiziwi wapi, anaringa tu huyo!" Lukasi akaweka simu mkekani. Midoli, malori — hakuna aliyevitaja.

Anjum hakuwaza salamu. Mimi pia sikuwaza. Tatu kacheka mpaka akakaa chini. "Mama Samweli, wewe nawe! Mtoto ataombaje kitu kwa mtu mzima asiyemwitikia?"

Alhamisi, 12 Juni
Nimerekodi chumbani kwa Anjum, madirisha yamefungwa, joto. "Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?" Ya kwanza akaikataa.

"Mama, umeisoma kama bei ya korosho."

Nikarudia. Nikarudia tena. Ya mwisho akaipokea, kisha akauliza nilikuwa namfikiria nani. Nikaomba maji.

Nimerudi kwangu Magomeni jioni. Nyumbani hakuna wa kuniamkia. Nimewasha redio — kijana anayesoma habari anakimbiza maneno.

Ijumaa, 13 Juni
Lukasi amejaribu tena. Ameamkia, ameitikiwa, amesema hajambo, ametaka lori. Rafu ikafunguka! Akamuaga bibi kabla ya kurudisha simu. Hilo nalo hatukuliandalia jibu.

Ubishi na Anjum: baada ya "Hujambo?" bibi asubiri mpaka lini? Yeye anataka aendelee mwenyewe mtoto akinyamaza. Nimekataa. Asubiri.

Mchana nimemtumia Theresia kiungo chenye sauti mpya. Alama zikawa za buluu. Amesoma.

Saa kumi na moja jioni akaandika: "Upendo anauliza huyo bibi ni nani. Hataki kuchagua kitu, anamwamkia tu."

Nimesoma mara mbili. Nimeandika: ni mimi. Nimefuta. Nimeandika tena. Bado sijatuma.

Duka linafunguliwa kesho, saa nne asubuhi.