Mteremko wa Nyuma ya Mikorosho

Baba Shabani,

Sijui kama huko habari zinafika. Mimi nipo, ndani. Eda haijaisha. Mama yako analinda mlango wa ua kama vile mimi mbuzi mwenye tabia ya kula mihogo ya watu. Miguu inaniwasha. Nafagia palipokwisha fagiliwa. Mdogo ananyonya huku nazunguka naye chumba kizima, sikai.

Mvua zimekatika na mteremko wetu umeota yale majani mororo. Unakumbuka ulivyotoka banda la video, umewaona wazungu wanateleza mlimani kwenye theluji? "Kwani sisi mlima hatuna?" Ukafunga makarara ya mnazi, yale maganda makavu marefu, miguuni, ukashuka kwa makalio mpaka kwenye mpunga wa Bi Tatu. Alikutukana ukoo mzima. Shabani alicheka mpaka akashikwa na kwikwi.

Tangu tukuzike hajacheka. Shule anakwenda kama anabebwa. Leo kateremsha makarara yako darini, akasimama nayo mlangoni. Nikajua.

Mama yako akaja juu. "Msiba haujakauka, mnataka michezo! Akivunjika shingo, nitazika wangapi mimi?"

Mungu ananiona, nilikuwa naogopa kuliko yeye. Maana nikimkosa na huyu... Lakini nikamjibu, kwa heshima, "Mama, akiendelea hivi tutakuwa tumemzika na yeye, ila anatembea."

Akakaza kanga kiunoni. "Haya. Nitamdaka mwenyewe kule chini."

Wakaenda. Nikabaki uani, sikio kwenye makuti. Sisikii kitu. Nikafungua mlango, nikaufunga, nikaufungua tena. Halafu kishindo. Halafu mama yako, "Uwii! Kanizoa huyu, nimekwisha!" Na juu ya kelele zake, kicheko cha mwanao. Kile cha kupaliwa, kama chako. Nikalia nimesimama, mtoto mgongoni.

Wamerudi wote wawili matope mpaka kwenye nyusi. Mama anachechemea, na anasema kesho atavaa suruali yako ya kazi.

Pumzika, mume wangu. Mungu akupe nafasi huko ulipo. Eda ikiisha, kabla ya sokoni, kabla ya kwa mama yangu, nitapanda na Shabani mpaka juu kabisa. Sitamshika mkono. Nitamsukuma.

Mama Shabani