Mama Mkwe Mkutanoni

Jumatatu, 6 Mei 1996

Ndege tangu alfajiri. Nimepiga debe kuwafukuza hadi mkono umekufa ganzi. Mpunga umetoa masuke, mzuri sana, miaka mingi sijauona hivi. Usiku ilikuwa zamu ya mume wangu, Baba Tekla, kulinda. Nimempelekea uji, nikamkuta juu ya dungu, kichanja chetu cha kulindia, anaimba, macho mekundu. Chini yake nguruwe pori wamemaliza upande mzima wa mtoni. Anasema walikuja kusalimia. Bangi hiyo.

Nimekasirika. Kisha nimecheka. Kisha nimekasirika tena.

Jumanne, 7 Mei

Kumbe Jumapili baada ya misa kuna mkutano wa kijiji. Wanaume wanataka mlinzi wa shamba aruhusiwe kuvuta bangi, mgambo wasimguse, na kila nyumba ipande kidogo pembeni ya mpunga. Eti inafukuza usingizi. Serikali imekataza, sawa, lakini huku bondeni nani atakuja kutazama?

Msemaji wao ni mume wangu. Anafanyia hotuba mazoezi chooni, namsikia. Anaongea vizuri, na hilo ndilo linaloniogopesha. Akisimama yeye, watu watakubali. Wakikubali, nimempoteza. Mtu huyu alikuwa anaamka kabla yangu. Nampenda, na siku hizi simwoni.

Alhamisi, 9 Mei

Foleni ya kukoboa, mashineni. Wanawake tupu. Tumelalamika hadi tukachoka. Mmoja kanichokoza: mbona wewe unapika pombe ya komoni? Nimemjibu mlevi wangu akizidiwa hulala, hakaribishi nguruwe. Wamecheka mpaka mwenye mashine akatoka nje kuchungulia.

Lakini tukisimama mkutanoni tutazomewa, tunajua. Ndipo jirani yangu Mama Kulwa, Msukuma, mtu wa maneno machache, akauliza:

"Hivi ninyi, mama zenu si wazima?"

Tukatazamana. Baba Tekla akimwona mama yangu njiani hujitosa majanini hadi apite. Hawajawahi kula pamoja. Mbele ya mkwe hata kukohoa anaona haya. Atataja bangi?

Nimerudi nyumbani nacheka peke yangu kama mwehu.

Ijumaa, 10 Mei

Ujumbe umeondoka kwenda Lupiro kwa mama, aje mkutanoni, na muuza samaki wa baiskeli. Mvua kubwa.

Jumamosi, 11 Mei

Mvua. Mto umefura, kivuko hakivuki. Mama za wenzangu wameshafika, mmoja kaja na treni kutoka Mlimba. Wangu yuko ng'ambo. Baba Tekla kapiga pasi shati, anapiga mluzi. Wengine wote wakinyamaza na yeye akaongea, tumekwisha.

Jumapili, 12 Mei

Jamani! Sijacheka hivi tangu harusi yangu.

Misa imekwisha, mama hayupo. Uwanja wa shule umejaa. Mstari wa mbele wote ni mama wakwe, vitenge vipya, wametulia. Wanaume wakawaona. Wakaanza kurudi nyuma mmoja mmoja, mwingine akajibanza nyuma ya mlingoti wa goli. Walihesabu kila mtu, wakawasahau wakwe zao! Baba Tekla hakujali, wa kwake hakuwepo. Mwenyekiti akamwita. Akasimama, akaweka shati sawa.

"Ndugu wananchi, mmea huu..."

Nikaona watu wanapisha. Mama! Matope hadi magotini, viatu mkononi. Wavuvi wamemvusha kwa mtumbwi. Akaketi mbele kabisa, akainamisha macho kama adabu inavyotaka. Akasubiri.

Baba Tekla akavua kofia. Akaivaa. Akaivua tena.

"Mmea huu... mpunga... tuulinde," akasema. Akaketi.

Vigelegele! Mwenyekiti akauliza nani mwingine anaunga mkono hoja ya bangi. Hakuna mkono hata mmoja. Wanaopinga? Mikono msitu mzima, hata ya wale waliojificha. Imeamuliwa: hakuna kuvuta, hakuna kupanda, walinzi wakae wawili wawili. Tumecheza ngoma ya sangula kwenye matope hadi miguu ikagoma. Nina furaha, sijui niiweke wapi.

Jumatatu, 13 Mei

Mama kalala kwa Mama Kulwa, maana kwangu mkwe yupo. Baba Tekla hajanisemesha tangu jana. Nilihofu amenichukia.

Asubuhi maji yamepungua, kivuko kinavuka. Bila kuambiwa, amefunga mzigo wa mama kwenye baiskeli, akatangulia anaikokota. Mama nyuma, mbali, anatazama pembeni. Mimi katikati, napeleka maneno huku na huku.

Mama akasema nimwambie mkwe wake kwamba jana ameongea vizuri sana.

Nikamfikishia. Akasimama, mgongo kwetu. Mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Anacheka, kicheko chake chenyewe, kile nilichoolewa nacho. Mama naye akacheka, uso kaugeuzia kwenye majani.

Kisha tukaendelea kutembea, hivyo hivyo, hadi kivukoni.