Kiti cha Mbele cha Gari Lako

Baba Somoe,

Hitima tulikusomea, eda tumemaliza mimi na mwenzangu, na sasa nataka nikuambie kuhusu gari lako.

Umeacha gari moja kuukuu aina ya saluni na wake wawili, mimi naishi Mtawanya, Zuhura Mikindani. Kaka yako alitaka tuliuze. Nikakataa. Zuhura anatakiwa kliniki ya sukari kila mwezi, na leseni ninayo, niliipata kazini, ingawa wewe hukunigusisha usukani wako hata siku moja.

Basi gari likaanza vituko. Nikiwa peke yangu, linakwenda vizuri mpaka Mikindani. Nikimpakia Zuhura, hatujaimaliza hata barabara ya ghubani, linazima. Taa ya injini inawaka, usukani unakuwa mzito, nyuma watu wanapiga honi.

Fundi Chande akabadilisha plagi. Likazima. Akabadilisha pampu ya mafuta. Likazima. Akasema kompyuta ya injini imekufa, nyingine iagizwe Dar es Salaam. Lakini kila akilijaribu yeye linanguruma vizuri, ananitazama kama mjane aliyechanganyikiwa.

Nikaanza kuamini mwenzangu ana nuksi. Yeye, nimejua baadaye, aliamini ninalizima makusudi nisimfikishe kliniki.

Safari moja likatuzimia mvua inanyesha. Zuhura akashuka kwa hasira, akaenda kukaa nyuma. Nikawasha, likawaka, tukafika hospitali bila hata kukohoa. Wakati wa kurudi nikamwomba akae mbele. Likazima. Akahamia nyuma. Likawaka. Tukaenda moja kwa moja kwa Chande, nikamwambia aiache kompyuta, atazame pale Zuhura anapoweka miguu.

Akafunua zulia. Kumbe uliweka swichi ya kuzuia wizi, kwa mikono yako! Waya unaopeleka umeme kwenye kompyuta uliukata, ukaupitisha hapo, ukausokota na kuufunga kwa kipande cha rambo, mfuko wa plastiki. Abiria akikanyaga, waya unaachia.

Na ulijua. Ndiyo maana ulikuwa ukiniambia, "Kaa nyuma, mama, mbele kuna joto la injini." Miaka yote hiyo nikakaa nyuma kama nimelikodi, nikijiambia kiti cha mbele ni cha mke mdogo.

Pale pale gereji Zuhura akaniuliza taratibu, "Dada, kwani si wewe uliyekuwa unakaa mbele?"

Nikamwambia sijawahi. Naye hajawahi, akidhani mbele ni kwangu. Ndiyo maana alikuwa hataki kupanda tukiwa wote, hata kwenye harusi ya Somoe, mwanangu, alikuja kwa miguu. Tulicheka mpaka Chande akatuletea benchi. Kisha mmoja wetu akalia, sikuambii nani.

Ungenunua utepe wa umeme tu, Baba Somoe! Au ungesema, "Waya wangu mbovu." Tusingenuniana miaka yote ile. Lakini wewe na kukiri kazi yako mbovu, wapi na wapi.

Chande ameitoa swichi na kuunga waya vizuri. Gari halizimi tena. Kaka yako bado anauliza bei, nami namjibu haliuzwi. Zuhura namfundisha kuendesha jioni kule Shangani. Anakanyaga breki kama anaua nge.

Pumzika, mume wangu. Nakuahidi dua kila Ijumaa, na mwenzangu akipata leseni tutakuja kaburini kukusalimia, yeye akiendesha. La waya nitakusamehe. Ila bado.

Mkeo,
Mama Somoe