Shingo ya Baiskeli na Gololi Moja Pungufu

Nkololo,
Bariadi, Simiyu.
9 Juni 2024

Mpendwa Dada Eufrasia,

Mwangaluka, dada yangu! Hujambo huko Songea? Mgongo wa shemeji Deogratias unaendeleaje, na baridi ya huko mnaiwezaje? Sisi huku tu wazima, isipokuwa mikono yangu ina mikwaruzo, na sababu yake utaisoma usicheke. Najua utacheka.

Utajiuliza kwa nini naandika barua wakati simu ninayo. Nilikupigia mara mbili, na mara zote mbili tulimaliza salamu tu, vocha ikaisha. Basi barua hii nimeitia ndani ya mfuko wa michembe niliokutumia kwa basi. Ukiikuta ina unga wa viazi, ipanguse uendelee.

Unaikumbuka baiskeli ya marehemu baba, ile uliyokuwa ukipakiwa nyuma kwenda shule huku unalia miguu imekufa ganzi? Bado ipo, na ndiyo inayobeba maji, pamba na mimi. Ila tangu mwaka jana shingo yake ilianza kulalamika. Vile vikombe vinavyoshika gololi, pale usukani unapozungukia, vilikuwa vimelika mpaka vimefanya vishimo. Usukani ukikaa katikati unanasa hapo hapo. Kwenda mbele ilikwenda vizuri. Kukata kona ilikuwa mpaka uibembeleze. Milembe aliniambia nibadilishe, nami nikamwambia pamba ikiisha.

Sasa, huko Songea sijui kama bado mnakumbuka. Huku kwetu ukimwona mama mkwe njiani unampisha, humtazami usoni, na jina lake hulitamki hata ndotoni. Mwezi wa tano nilikuwa nateremka kwenda kisimani, madumu matupu nyuma, mara namwona mkwe anapandisha na ndoo kichwani. Njia yenyewe nyembamba. Nikavuta usukani kulia nimpishe. Usukani ukakataa! Nikavuta tena, ukakataa tena. Nikaona heri nipoteze baiskeli kuliko heshima, nikajirusha kwenye minyaa.

Baiskeli haikunifuata. Iliendelea peke yake, imenyooka kuliko nilivyowahi kuiendesha, mkwe akaruka pembeni, ndoo ikamwagika yote, na baiskeli ikalala miguuni pake. Yeye akajifunika kanga usoni. Mimi nikabaki nimeelekeza uso kwenye minyaa, utomvu unanitiririka mikononi, na madumu yanabiringika kuelekea kisimani. Hakuna kati yetu aliyejua nani aanze kusema pole.

Lingekuwa jambo la kucheka tu, kama Milembe asingekuwa na mimba ya miezi minane, tena ya kwanza. Mkwe ndiye aliyekuwa aje kukaa naye, amwangalie mpaka ajifungue. Kesho yake akaja Mayige, mdogo wake Milembe, na ujumbe. Mayu, yaani mama yao, amesema hakanyagi kwenye mji ambao baiskeli yake inafukuza wakwe. Mpaka itengenezwe, na yeye aone kwa macho yake ikikata kona.

Milembe hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alikaa jikoni akasema, "Bujiku, mimi naogopa. Namtaka mama." Dada, maneno hayo yaliniuma kuliko minyaa.

Ningeweza kumpelekea fundi, lakini mkosaji ni mimi, nikataka niitengeneze kwa mkono wangu. Najua unachofikiria: redio ya baba niliyoifungua kuitengeneza. Nilikuwa na miaka kumi, na zilibaki skrubu nne tu! Nilikwenda Somanda nikanunua vikombe vipya, gololi na kopo la grisi. Usukani nilihangaika nao asubuhi nzima, ulikuwa umeshikwa na kutu, mpaka nikaugonga na mchi wa Milembe. Vikombe vya zamani nikavitoa kwa kipande cha nondo, nikigonga taratibu, huku kidogo, huku kidogo. Vipya nikavikalisha kwa kibao ili visipinde. Hapo nikajiona fundi kamili, nikaita chai.

Kosa langu ni hiyo chai. Gololi nilikuwa nimezimwaga kwenye kifuniko cha sufuria, chini, uani. Nageuka hivi, kuku wamezizunguka wanadonoa. Nilipowafukuza na kuhesabu, gololi moja haipo. Mchana wote niliwafuata kuku wale nikiwatazama nyuma, na majirani walipita wakanisalimia kwa upole kama mtu aliyefiwa.

Basi nikafunga hivyo hivyo, pungufu moja. Gololi nikazibandika na grisi zisidondoke, nikakaza nati, nikajaribu usukani. Ukazunguka laini kabisa! Mayige aliponiuliza nikamjibu bila kupepesa, "Mwambie mayu kila kitu kiko mahali pake." Akaichukua baiskeli, akalizunguka zizi la kwao mara tatu kulia na mara tatu kushoto, mkwe anatazama. Jioni ile ile akamleta, amempakia nyuma na kikapu chake. Mimi nilijificha nyuma ya ghala, kwa heshima, na kwa woga pia.

Dada, Jumatatu iliyopita Milembe amejifungua salama pale zahanati. Mtoto wa kike! Mkwe hakumwachia Milembe mkono mpaka mwisho. Nilipoambiwa nililia, na sioni aibu kukuandikia.

Jumanne Mayige akachinja kuku mwekundu, yule niliyemtenga kwa supu ya mzazi. Mkwe ndiye aliyemtengeneza. Nilikuwa nimekaa nje, nikasikia kitu kikilia "ting" ndani ya bakuli kule jikoni. Nilijua papo hapo. Nikafikiria kukimbilia Kasoli.

Baadaye Mayige akaniletea sahani iliyofunikwa. Ndani kulikuwa na firigisi imekaangwa vizuri, na pembeni yake gololi, imeoshwa inang'aa. Akajikaza asicheke, akasema, "Mayu anauliza, na kitu gani kingine kiko mahali pake?" Nikaitia gololi mfukoni. Lakini unajua kwetu firigisi ni ya baba mwenye nyumba, na tangu siku ile ya minyaa nilidhani nimeshaikosa. Niliila yote, nikalamba na sahani.

Limebaki jambo moja. Mtoto amepewa jina la bibi yake. Nimekubali kwa moyo wote, na sasa nina binti ambaye jina lake siwezi kulitamka, wala kuliandika. Namwita Gololi.

Wasalimie sana shemeji, Winnie na Paschal, na mama Marcelo jirani yenu. Mungu awape afya na mvua ya kutosha, na awaepushe na kuku.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Bujiku

Wifi, mimi Milembe namalizia hapa kwa mkono wangu. Anaitwa Specioza. Baba yake akimwita Gololi, mama yangu ndiye anayeitikia.