Punguzo Linaanzia Dodoma

Makambako

Dada Eliza, kamwene. Huku ukungu haujatoka tangu jana, na tumekula viazi vya kuchoma tu. Kile cheti cha mganga, kwamba mwanangu Rahel ni kilema na nauli yetu ipunguzwe, karani wa stendi ya basi amekisoma mara mbili. Akasema kinafaa kwenye treni ya umeme, na treni hiyo iko Dodoma. Kutoka hapa ni basi, na basi halina punguzo.

Hela haitoshi, nikaanza kufunga mizigo turudi Njombe. Karani akatuonea huruma. "Mama, mwili wake ni mdogo. Mfunge mgongoni, nitamwandika mtoto mchanga, apande bure."

Rahel akamwambia, "Nina miaka tisa. Najua kusoma."

Nikamwambia anyamaze. Mimi, dada, niliyembeba kila asubuhi hadi shuleni.

Sasa tunangoja basi. Msalimie mama, mkae salama, mtuombee tufike hospitali. Rahel yuko mgongoni, amejifunika khanga mpaka kichwani. Mvua haijanyesha, lakini shingo yangu imelowa.

Mdogo wako,
Damari