Aliyemfunga Fanuel

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi: Homa Bay
Tarehe: 12 Machi 1997, saa tatu na dakika ishirini asubuhi
Jina: Mourine Mirumbe
Umri: Miaka 18
Kazi: Msaidizi, Makao ya Chemchemi, Kosele
Makazi: Kosele kikazi, nyumbani ni nje ya mji wa Migori, upande wa barabara ya Isebania
Yameandikwa na shahidi kwa mkono wake, kwa ombi lake, mbele ya Konstebo Gichana.

Mimi ndiye niliyemfunga Fanuel kamba. Si Mama Mwanamvita. Maneno haya sijamtamkia mtu yeyote hadi leo. Nimeomba kuandika kwa sababu nikiulizwa sauti hukwama, na ninamshukuru afande kwa kunipa kalamu na kunisogezea kiti kwenye mwanga.

Nilimaliza kidato cha nne mwezi wa Novemba mwaka jana. Mnamo tarehe 13 Januari 1997 nilianza kazi Makao ya Chemchemi. Ni nyumba ya watu wazima wenye ulemavu wa akili, na wako wanane. Msimamizi ni Mama Mwanamvita, mjane wa Bwana Hamud aliyekuwa na duka la nguo hapo Kosele. Mwenzangu kazini ni Mzee Kerosi.

Siku yangu ya kwanza niliingia chumba cha wanaume na ndoo ya maji. Mama Mwanamvita aliniita nje akaniambia, "Mwanangu, hapa hatuingii chumbani kwa mtu bila hodi." Nikamwambia wengine hawawezi kuitika. Akasema, "Wewe piga, kisha ungoje." Nilipiga hodi nikangoja. Baada ya muda Fanuel aligonga ubao wa kitanda chake mara mbili. Kumbe hiyo ndiyo karibu yake.

Fanuel Osoro ana umri wa miaka 31 na hasemi. Mama Mwanamvita humwita Bwana Fanuel. Kila mmoja pale ana kikombe chake, shuka lake na kazi yake. Kazi ya Fanuel ni kuchota maji ya kuku. Nimeandika haya ili ijulikane nyumba hiyo ni ya namna gani, maana tangu juzi watu wa sokoni wanasema ni mahali pa kutesa watu.

Yuko pia Liz, mmoja wa wale wanane, mwenye umri wa miaka 24. Ndiye aliyenifundisha kukoroga uji wa watu wengi usishike madonge. Nilipokuwa naogopa kuwaita watu chakulani, alikuwa akinicheka, "Yawa, Mourine! Wewe hata jogoo anakutisha. Toa sauti, hawali watu!" Kisha aliwaita yeye. Ninamshukuru kwa hilo pia.

Mnamo tarehe 6 Machi, siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi, Mama Mwanamvita aliondoka kwenda Oyugis kuchukua dawa za kifafa. Mzee Kerosi alikuwa ameenda mazishini kwao Kisii. Nilibaki peke yangu na watu wanane. Mama Mwanamvita aliniuliza kama nitaweza. Nilisema nitaweza, kwa sababu niliona aibu kusema sitaweza.

Saa nne hivi, Fanuel alitoka langoni kuelekea barabarani. Lango halina kufuli, ndivyo Mama Mwanamvita anavyotaka. Nilimkimbilia nikamrudisha. Saa nne na nusu alitoka tena. Nilimkuta amesimama ukingoni mwa lami, mkono juu, na lori la mchanga likimpita karibu hata shati lake likapepea. Utingo alinipigia kelele, "Funga huyo mtu wako, dada! Mnataka tumuue?" Nilimshika Fanuel mkono tukarudi.

Jikoni kulikuwa na kamba ya katani ya kufungia kuni. Nilimkalisha chini ya ukingo wa paa, nikamfunga mkono wa kulia kwenye nguzo. Nilimwekea kikombe chake cha uji mahali anapofikia. Sikuwa na hasira naye. Ninaapa sikumpiga wala kumtukana. Nilifikiri nimemlinda, nikarudi kwenye sufuria.

Ilinyesha mvua fupi. Kamba ya katani ikilowa hukaza, na mimi sikwenda kuitazama. Fanuel hakulia. Liz alikuja jikoni akaniambia, "Mfungue. Si mbuzi." Nikamwambia nitamfungua Mama akikaribia kurudi. Alinitazama, akaenda akaketi kando ya Fanuel.

Mama Mwanamvita alirudi saa saba na robo. Alimfungua yeye mwenyewe. Ngozi ya kifundo cha mkono wa Fanuel, pale pa kuvalia saa, ilikuwa imechubuka kwa mduara. Alichemsha maji, akatia chumvi, akamwosha taratibu. Nilimsikia akimwambia, "Bwana Fanuel, utuwie radhi. Tumekukosea." Alisema tumekukosea, na yeye hakuwapo.

Mimi nilikuwa nimesimama na mfuko wangu wa nguo. Nilijua nimefukuzwa. Alinitazama akauliza, "Umejifunza wapi kufunga fundo hilo, mwanangu?" Sikumjibu. Akasema, "Basi. Rudisha mfuko ndani. Kesho utakwenda nasi barabarani."

Mnamo tarehe 7 Machi, saa nne asubuhi, tulikwenda watatu, Fanuel katikati. Tuliketi kwenye jiwe, mbali na lami. Lori lilipopita, Fanuel alinyoosha mkono juu. Dereva akapiga honi, akaita salamu ya asubuhi ya Kijaluo, "Oyawore!" Lori la pili likapiga honi. La tatu likapita kimya, lakini utingo alipunga mkono. Hapo Fanuel akasimama, akageuka, akaanza kurudi nyumbani bila kuambiwa. Mama Mwanamvita akasema, "Kaka yake anaendesha trekta la miwa kule Awendo. Huyu hatoroki. Anakwenda kusalimia. Sisi kazi yetu ni kumsindikiza tu." Kisha akasema kosa lilikuwa lake pia, kwa kutonieleza kabla ya kuniachia nyumba.

Tangu siku hiyo hadi jana nimempeleka kila siku saa nne; leo nimemwachia Mzee Kerosi. Hajawahi kunikimbia. Salamu tatu zikitimia anarudi. Sijui nitamshukuruje Mama Mwanamvita kwa kunionyesha jambo hilo badala ya kunifukuza.

Mnamo tarehe 9 Machi, Jumapili, saa nane mchana, kaka yake Wesley Osoro alikuja kumtembelea, akauona mkono. Alikasirika, na alikuwa na haki. Aliuliza kwa sauti, "Nani amemfunga ndugu yangu kama ng'ombe?" Mama Mwanamvita alisema, "Nyumba hii iko mikononi mwangu. Yaliyompata humu niulize mimi." Liz akasema, "Si Mama. Ni Mourine." Wesley akacheka kwa uchungu, akasema, "Na huyu naye ni shahidi?" Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la chai. Nilikuwa na nafasi ya kusema, "Liz anasema kweli." Sikusema. Nililiweka sinia chini nikaenda nyuma ya nyumba.

Mnamo tarehe 11 Machi, saa mbili asubuhi, maafisa walikuja wakamchukua Mama Mwanamvita. Liz alirudia maneno yaleyale na hakuna aliyeyaandika. Mama Mwanamvita alipokuwa akipanda gari aliniita. Nilidhani atanitaja. Aliniambia, "Saa nne Bwana Fanuel anakwenda barabarani. Usisahau." Akaenda nao.

Jana jioni Wesley alituma neno kwamba Ijumaa anamchukua ndugu yake. Wazee wa kanisa lenye nyumba hiyo nao wamesema msimamizi akishtakiwa, watafunga lango na kila mmoja atarudishwa kwao. Afande, ninajua wengi wao watarudi kwenye nini. Ninaomba Mama Mwanamvita aachiliwe kwa sababu hakufanya kosa hili. Ninaomba pia Liz aitwe na maneno yake yaandikwe kama yangu, maana yeye alisema kweli mapema kuliko mimi.

Sasa nitajibu swali ambalo sikumjibu Mama Mwanamvita.

Fundo hilo nilifundishwa na mama yangu nikiwa na miaka saba. Kaka yangu Boaz alizaliwa kama Fanuel. Kila asubuhi mama alipokwenda shambani alimfunga Boaz kwa kamba ya ndama kwenye mguu wa ghala, penye kivuli. Alizungusha kitambaa cha leso kwanza ili kamba isimkate. Alimwachia uji kwenye kibuyu, na saa sita alirudi mbio kumgeuza upande wa kivuli. Kwetu walimsifu kuwa mama anayejali, kwa sababu wapo waliowafungia watoto wao ndani gizani. Nikitoka shule, kazi yangu ilikuwa kumfungua na kumfunga. Boaz alikuwa akivuta kamba kuelekea upande mmoja kila siku, upande wa bondeni. Tulisema ana kichwa kigumu. Alifariki kwa malaria mwaka 1991, akiwa na miaka kumi na tano. Hatukuwahi kumfungua siku moja tukamfuata tuone alikuwa anataka kwenda wapi.

Hayo ndiyo niliyoyatenda na niliyoyaona, sikuongeza wala kupunguza. Nikishtakiwa kwa ajili ya Fanuel nitakubali, na Wesley asomewe kila neno linalomhusu ndugu yake. Lakini hili la mwisho ninakuomba, afande. Mama yangu ametoka Migori alfajiri kunisindikiza, na ameketi kwenye benchi hapo nje. Hajui kusoma. Anaamini kwamba alimtunza Boaz vizuri, na kwa alivyojua, alimtunza. Mwambie kuhusu Fanuel. Hili la Boaz usimwambie, wala mtu mwingine asimwambie. Tafadhali libaki kati yangu na wewe.

Sahihi ya shahidi: M. Mirumbe

Maandishi ya afisa: Shahidi amesoma maelezo yake mbele yangu na kutia sahihi saa tano kasoro dakika kumi. Nimemweleza kwamba siwezi kuahidi siri kwa maelezo yanayoweza kufika mahakamani. Mwanamvita Hamud ameachiliwa saa sita mchana huku uchunguzi ukiendelea. Liz ataandikishwa maelezo kesho saa tatu, akiwa na mtu anayemwamini. Mama wa shahidi aliniuliza binti yake ameandika nini muda wote huo. Nilimjibu kwamba amesema kweli kuhusu kazini kwake. Hakuuliza zaidi.
Konstebo Gichana